Kiti cha Kukunja Nyuma ya Kapteni

Mwanangu Omondi,

Barua huanza kwa salamu na kuulizana hali, lakini wewe nakusikia hapo chumba cha pili ukilifungua sanduku na kulifunga tena. Najua huna homa. Najua umekula, maana sufuria nimeiosha mwenyewe. Mvua imeshika tangu saa nane na wachumaji wa chai wamerudi mapema wamejifunika magunia. Mama Kiprono alipita mlangoni kuniuliza kama kweli ni kesho. Nikamwambia ni kesho. Akasema, "Pole sana, Mwalimu," kama mtu aliyekuja matangani. Halafu akaona aibu, akaniambia hakutaka kusema hivyo, akaenda zake.

Sitakuandikia habari za kufua soksi na kusali kabla ya kula. Hayo ama umeshayashika ama hutayashika tena. Nitakuandikia habari za baba yako na kiti kimoja cha ndege, kwa sababu unakwenda kuifanya kazi yake, na kwa sababu sijawahi kukuhadithia jambo hili kwa mdomo. Nimejaribu wiki hii yote. Kila nikikaa karibu nawe, unainuka kunipisha kana kwamba nataka kiti.

Baba yako alikuja hapa shambani kuwa karani wa kiwanda cha chai. Yeye alikuwa mtu wa ziwani, mimi mtu wa Kisii, nafundisha watoto wa wachumaji. Kwao walinung'unika na kwetu walinung'unika, lakini mchungaji alitufungisha ndoa, na Kiswahili kikawa lugha ya nyumba yetu kwa kuwa hakuna aliyekubali kushindwa na lugha ya mwenziwe. Ulikuwa hujaanza kutembea alipoona tangazo kwamba shirika la ndege linatafuta vijana Waafrika wa kufundishwa urubani. Aliandika bila kuniambia. Jibu lilipokuja alinionyesha, nami nikapiga vigelegele mpaka majirani wakaja. Hilo nalo naliweka katika makosa yangu, ingawa wakati ule ningewezaje kujua?

Alipohitimu alikuwa akiendesha ndege kutoka Nairobi, akikaa upande wa kulia wa kapteni. Sisi tulibaki hapa. Akipata likizo alirudi kwa ndege ya Kisumu, halafu basi mpaka Kapsoit, halafu miguu. Ndani ya ndege hakukaa na abiria. Kuna kiti kidogo cha kukunja nyuma ya marubani wawili, ndani ya chumba chao. Rubani ambaye hayuko kazini anaweza kukikalia na kusafiri bila tikiti, mradi kapteni wa siku hiyo akubali. Baba yako alikipenda kiti kile kuliko vyote nilivyomnunulia.

Siku ya kwanza aliyorudi hivyo, alinieleza adabu zake tukiwa jikoni nikisonga ugali. Unakwenda kwa kapteni kabla abiria hawajapanda. Unavaa tai hata kama uko likizo, na huendi na harufu ya pombe. Unabisha mlango hata kama uko wazi. Unataja jina lako, unasema, "Kapteni, naomba lifti mpaka Kisumu, ukiniruhusu." Akikubali, unakikunjua kiti mwenyewe, unafunga mkanda, na mdomo unaufunga pia. Ndege ikipanda au ikitua hakuna hadithi. Hugusi kitu, hata kofia yako ikiangukia pale mbele. Kapteni akitua vibaya mpaka meno yagongane, unatazama nje kama mtu anayependa nyasi. Ukiona hatari ya kweli unasema, lakini kwa maneno mawili matatu. Uliyoyasikia mle ndani hayatoki nje. Na kapteni akisema leo hapana, humwulizi sababu. Unasema asante, unamtakia safari njema, unashuka.

Nikamwambia, "Baba Omondi, hiyo ni adabu ya mkwe."

Alicheka mpaka akashika ukuta, akaniita binti wa Kisii kwa lugha ya kwao. "Nyar Kisii, ndiyo hiyo hiyo! Mimi kule ni mkwe. Mkwe haongezi mboga."

Nanyi mkaigeuza mchezo, wewe na dada yako mdogo Akinyi. Sijui kama unakumbuka. Wewe ulikuwa kapteni siku zote, umekalia kigoda na kushika kifuniko cha sufuria. Yeye alisimama mlangoni, tumbo mbele, akasema, "Kateni, naomba lifti." Wewe ukamjibu, "Leo hapana." Akalia, nami nikakukemea umpandishe. Baba yenu akasema hapana, mtoto ajifunze kusema asante kwanza. Akinyi akafuta kamasi, akasema asante. Tukampigia makofi, sisi wazazi wake wawili.

Kabla ya yaliyofuata, kuna neno moja uelewe. Babu yako, baba yake, alipofariki, baba yako aliomba ruhusa ya kwenda kuzika. Mkubwa wake kazini alimpa ruhusa, lakini akamwambia mbele ya wenzake, "Nyinyi watu mna misiba mingi." Baba yako alinisimulia hilo akicheka. Mimi nilimwona jinsi alivyokuwa akicheka, na haikuwa kwa furaha. Walikuwa Waafrika wachache sana mle, na kila mmoja alijua kwamba akikosea yeye, watasema wote hawafai. Tangu hapo hakupeleka tena mambo ya nyumbani kazini. Kama ana jino linamuuma, alilipeleka kazini akiwa amefunga mdomo.

Mwaka ule surua iliingia katika mistari ya nyumba za wafanyakazi. Iliwapata watoto wengi, ikakupata na wewe, ukapona. Akinyi ilimshuka kifuani. Dresa wa zahanati, yule msaidizi wa daktari, alimpima, akanivuta nje, akasema, "Mwalimu, huyu apelekwe hosipitali leo, tusingoje kesho." Tulimpeleka kwa pikapu ya kiwanda. Mama Kiprono alimshika Akinyi mapajani njia nzima kwa sababu mimi mikono yangu haikuwa na nguvu. Wewe ulibaki na watoto wake.

Kutoka hospitali nilikwenda posta nikapiga telegramu Nairobi. Nilisema Akinyi ni mgonjwa sana, njoo. Nilihesabu moyoni kwamba akiipata mchana, ataiwahi ndege ya jioni ya Kisumu, na kabla hatujalala atakuwa mlangoni.

Akinyi alikuwa akipumua kama mtu anayepanda mlima. Aliniuliza, "Baba anakuja na ndege?"

Nikasema ndiyo.

Jioni mvua ilikatika kidogo. Tukasikia ndege ikipita juu, mbali, upande wa ziwa. Nikamwinua kidogo kwenye mto. "Umesikia? Huyo ni baba. Amefika." Akatabasamu, Omondi. Akasema, "Amekaa nyuma ya kateni." Nikasema ndiyo, amekaa nyuma ya kapteni. Akalala akiwa na furaha ile. Alfajiri hakuwepo tena. Nimejiuliza mara nyingi kama ulikuwa uongo. Sikujua ni uongo. Lakini niliusema kwa uhakika wa mtu anayejua, na ndiyo habari ya mwisho mtoto wangu aliyoisikia duniani.

Baba yako alifika alasiri kwa basi, kupitia Nakuru, viatu vimejaa matope. Tulikuwa tumeshamrudisha Akinyi nyumbani. Alisimama pale penye mchongoma, akaona wanawake wameketi uani, akajua. Sikumngoja aingie. Nilimfuata hapo hapo.

"Hukupata telegramu?"

"Niliipata."

"Na ndege?"

"Nilikwenda. Kiti kilikuwa na mtu."

"Ukafanyaje?"

"Nilishukuru, nikashuka."

"Ulishukuru?"

Nikamwambia, watu wote wakisikia, "Basi mshukuru tena. Adabu yako imekuzikia mtoto."

Daktari alikuwa ameshaniambia kwamba kifua cha Akinyi kilikuwa kimekwisha, kwamba hata angekuja nani asingeweza kitu. Nilijua hayo nilipokuwa nikisema. Angefika, asingemponya. Angemshika mkono tu. Lakini nilitaka mtu wa kumbebesha, na yeye alikuwa amesimama mbele yangu na tai yake shingoni.

Baba yako hakuwahi kujitetea, hata mara moja. Ningependa angenipigia kelele. Alizika, akakaa siku za matanga, akakunja nguo zake, akarudi kazini. Tangu hapo alikuja nyumbani kwa basi tu, na likizo zikapungua. Akija, alibisha mlango wa nyumba yake mwenyewe. Aliomba chumvi kama mgeni. Nikimpa chai alisema asante, nikimnyima maneno alisema asante. Nami nilijifanya sioni. Ningeweza kumwuliza, "Siku ile ilikuwaje hasa? Ulimwambia nini yule kapteni?" Ni maswali mawili. Yangechukua muda wa kuchemsha maji. Sikuyauliza mpaka alipokufa, na miaka hiyo wewe ulikua ukapata ndevu.

Unajua alikufaje, lakini hujui nilivyomleta nyumbani, kwa kuwa ulikuwa bwenini mna mitihani nami nikakataa uitwe. Hilo pia nilikosea. Moyo wake ulisimama akiwa peke yake katika chumba chake Nairobi. Wenzake walimvunjia mlango. Nilikwenda na baba yako mdogo kumchukua, na shirika likasema atasafirishwa kwa ndege ya Kisumu. Kwa hivyo mara ya kwanza na ya pekee niliyopanda ndege, mume wangu alikuwa chini yangu na mizigo.

Tulipokuwa angani, kapteni alimwachia mwenzake usukani, akaja mpaka kwenye kiti changu. Alikuwa mzungu mtu mzima, aliyezaliwa huku huku, anakisema Kiswahili cha mashamba. Alivua kofia. Akachuchumaa kwenye njia ya kupitia abiria ili asinitazame kutoka juu.

"Mama, pole. Bwana yako alikuwa rubani mzuri sana."

Nikasema asante.

"Mimi iko na neno moja. Nataka sema zamani, nashindwa." Akaizungusha kofia. "Ile siku mtoto yenu alikuwa mgonjwa. Yeye alikuja kwa mlango yangu. Aliomba lifti. Mimi nasema, leo hapana, kiti nimepa rafiki yangu, rubani mwingine, anakwenda vua samaki kwa ziwa. Bwana yako alisema, 'Asante Kapteni, safari njema.' Akashuka. Basi."

Nilimwuliza, "Hakukuambia kuna mtoto?"

"Hapana sema kitu, Mama. Hata uso yake hapana sema. Mimi nasikia baadaye, mtoto imeshakufa. Kama yeye alisema, mimi natoa ile mtu ya samaki kwa mkono yangu. Na yule rafiki yangu mwenyewe angetoka, hapana ngoja mimi."

Kisha akaniuliza kitu ambacho sijampa jibu mpaka leo. "Kwa nini hapana sema?"

Nilimwambia sijui. Lakini nilijua, mwanangu. Nilijua palepale, mkanda ukiwa umenibana tumbo. Alifika mlango ule akiwa na mtoto anayekufa mdomoni, akakumbuka misiba mingi ya nyinyi watu, akameza. Alitaka aonekane mtu ambaye nyumbani kwake hakuna kilio. Na niliporudi kumtazama vizuri kichwani mwangu, pale penye mchongoma, na matope yake, nikaona kwamba kwangu pia alikuwa na neno, nami nikamfungia mlango kabla hajabisha.

Yule kapteni alikuwa akilia. Nilimpa leso yangu. Sikumchukia, na wala sikumsamehe. Sikuwa na nguvu ya lolote kati ya hayo. Tulipotua Kisumu alitua taratibu kama mtu anayeweka yai.

Nilidhani nikijua ukweli kitu kitabadilika ndani yangu. Hakikubadilika. Nimekwenda kaburini kumwomba radhi, mara nyingi, wewe huniona nikitoka na jembe. Nikifika natafuta neno la kuanzia, silipati, na mikono inaanza kung'oa magugu. Ni kaburi safi kuliko yote upande ule. Watu wananisifu.

Sasa nije kwako wewe, maana jioni inakwisha na umeshalifunga sanduku.

Miezi miwili iliyopita, Mama Kiprono aliniambia nikiwa kwa mwenye duka, "Hongera, Mwalimu, nasikia kijana anakuwa rubani." Nilicheka kana kwamba nilijua. Nilikuja nyumbani nikakuuliza. Ukaniambia ulifanya usaili, ulipimwa macho na masikio, ulikubaliwa, na siku ya kuondoka inajulikana. Nikakuuliza kwa nini hukuniambia. Ukasema, "Sikutaka kukusumbua, Mama."

Ulisema vizuri, kwa sauti ya chini, huku ukinitengea kiti.

Ni mimi niliyekufanya hivyo. Baba yako alikupa macho na kimo, lakini ukimya nimekupa mimi. Baada ya Akinyi, hukulia mbele yangu hata siku moja, nami nikawaambia watu, tazameni mtoto wangu alivyo na nguvu. Ulipovunjika mkono shuleni ukatembea nao mpaka jioni bila kusema, nikakusifu kanisani. Ulipokuwa ukiota na kuita jina la dada yako, nilikuja nikasimama mlangoni, nikangoja unyamaze, nikarudi kulala. Sikukuuliza asubuhi. Nilidhani nakuheshimu.

Kwa hivyo ningekupa usia gani? Adabu za kiti kile utazifuata, na ni adabu nzuri, sina ugomvi nazo. Bisha mlango. Vaa tai. Usimcheke mwenzako akitua vibaya. Lakini siku ukiwa na jambo linalokuua, usiseme asante ukashuka. Simama pale mlangoni, wazuie abiria, tia aibu jina langu na la baba yako, useme, Kapteni, nyumbani kuna mgonjwa. Waseme wanavyosema juu yetu. Waseme misiba yetu ni mingi. Ni mingi kweli.

Naandika hivi na sina tumaini kwamba utaweza. Nitakuambia ukweli kwa kuwa sina kingine cha kukupa. Asubuhi ya leo uliponiuliza kama nitakusindikiza Kisumu, nilikujibu nina darasa. Shule imefungwa, Omondi. Wewe unajua imefungwa. Ulinitazama, nikaona umejua, nikakungoja uniambie, "Mama, unadanganya, njoo." Ungesema hivyo ningevaa viatu. Ulisema, "Sawa, Mama, hakuna neno." Nami nikashukuru.

Ni hivyo tulivyo, wawili tuliobaki. Mimi nimezeeka na ukimya huu na wewe umeanza nao mapema. Barua hii nayo nitaitia ndani ya mfuko wa koti lako, sitakupa mkononi, ili uisome nikiwa mbali. Unaona?

Sipendi uende. Sikukuambia, basi nakuambia. Nikisikia ndege huacha ninachofanya, nasubiri mpaka ipite, na kuanzia kesho nitakuwa nikiacha kwa ajili yako. Naogopa utarudi siku moja umepooza moyo kama yeye, unabisha mlango wa nyumba yako, unaomba chumvi. Naogopa zaidi kwamba mke wako atakuwa mtu kama mimi.

Ukifika, niandikie. Ukiwa na njaa andika. Wakikudharau andika. Ukinichukia kwa haya niliyoandika, andika hilo mbele ya mengine yote, kwa herufi kubwa. Lakini nikipata barua inayosema, "Mama, mimi sijambo, kazi ni njema, usijali," nitaikunja niiweke, na nitajua kwamba umeshakuwa rubani.

Mimi mama yako,
Kwamboka